Jinamizi la saa tano usiku: kisa cha mvuke wa TDI katika kiwanda cha magodoro

Usuli

Kiwanda hiki kiko katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Jina, mtaa na mwaka nimeviondoa, na mambo madogo yasiyogusa kiini cha kisa nimeyabadilisha ili asitambulike mgonjwa wala mwenye kiwanda. Wafanyakazi ni kama arobaini, karibu nusu yao vibarua wa kulipwa kwa siku. Wanatengeneza magodoro ya sponji kwa njia ya sanduku: kemikali zinapimwa, zinakorogwa kwa mashine ndani ya pipa, zinamiminwa kwenye sanduku kubwa la mbao lililotandikwa nailoni, kisha watu wanarudi nyuma hatua mbili na kutazama. Ndani ya dakika chache uji ule unaumuka hadi kufika kifuani mwa mtu mzima. Bloku inatolewa ikiwa bado ya moto, inasukumwa hadi stoo ya kupoozea, na kesho yake inakatwa vipande vya inchi nne, sita au nane.

Viungo vikuu ni viwili: polioli, ambayo ni kama mafuta mazito na haina makuu, na toluini diaisosayaneti, ambayo kiwandani kila mtu anaiita TDI. Humo hutiwa maji kidogo, kemikali mbili za kuharakisha mmenyuko (moja huitwa amini, nyingine ni mchanganyiko wa madini ya bati), silikoni ya kushika mapovu, na katika viwanda vingi methilini kloraidi ya kuongeza ulaini. TDI ikishikana na polioli inazaa sponji. Ikishikana na maji inazaa kabonidayoksaidi, gesi ile ile inayoumua unga wenye hamira. Inazaa joto pia, kiasi kwamba moyo wa bloku unaweza kupita nyuzi 140 za sentigredi. TDI ina uchu wa kushikana na kila kitu chenye maji. Kwa uchu huo inatengeneza godoro, na kwa uchu huo huo inaumiza kifua, kwa kuwa utando wa njia ya hewa ni unyevu na protini tupu. Ukoo wake, uitwao isosayaneti, una historia mbaya: kemikali iliyoua maelfu ya watu Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984 ni methili isosayaneti, ndugu yake aliye mwepesi zaidi kugeuka mvuke, na chanzo kilikuwa maji yaliyoingia kwenye tangi.

TDI yenyewe haigeuki mvuke kwa urahisi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanaiona imetulia ndani ya pipa kama mafuta ya taa, wanadhani imelala. Lakini hewa iliyokaa juu ya pipa lililoachwa wazi inaweza kubeba zaidi ya sehemu 10 kwa milioni, na joto la pwani linaongeza. Jopo la Marekani la wataalamu wa afya ya viwandani, ACGIH, tangu 2016 linapendekeza mfanyakazi asipumue zaidi ya sehemu 1 kwa bilioni kwa wastani wa saa nane, wala zaidi ya sehemu 5 kwa bilioni kwa wastani wa dakika 15 zozote. Wapimaji huandika sehemu kwa bilioni kama ppb, nami nitafanya hivyo. Ukilinganisha, hewa ya juu ya pipa lile imekipita kikomo cha siku mara elfu kumi. Pua haisaidii, kwa sababu ukianza kuisikia harufu ya TDI umeshavuka mbali.

Jinsi ugonjwa ulivyoanza

Mgonjwa nitamwita S. Ana miaka thelathini na kidogo, havuti sigara, hajawahi kuwa na pumu. Kazi yake ilikuwa kupokea bloku za moto na kuzipanga stoo. Pipa la TDI hakuwahi kuligusa, na jambo hilo lilitupotezea muda mwingi baadaye.

Mwezi wa saba tangu aajiriwe alianza kuamka usiku, mara nyingi kwenye saa tano, kifua kimebana na pumzi haitoki. Mchana yuko salama. Nyumbani waliita jinamizi, na kusema kweli maelezo yanafanana: kitu kinakukalia kifuani ukiwa umelala, ukiamka unatweta. Akasomewa dua. Akaenda zahanati mara tatu, akapewa antibiotiki mara zote tatu. Makohozi yalipimwa kifua kikuu, hayakuwa nacho. Picha ya kifua ilitoka safi.

Likizo ya Idi alikwenda kwao bara wiki mbili. Alilala usingizi wa mtoto. Mama mkwe akasema jinamizi limekosa nauli. Alirudi kazini Jumatatu, na usiku wa Jumatano likarudi nalo.

Aliyefungua njia ni muuguzi wa zahanati, ziara ya nne. Badala ya kuuliza kikohozi ni kikavu au kina makohozi, aliuliza: "Kaka, unafanya kazi gani? Na Jumapili unalala vipi?" S. alifikiri kidogo, akasema usiku wa Jumapili ndio huwa anapata nafuu. Muuguzi akaandika barua fupi kwenda kiwandani, mistari minne. Nimeiona. Ina thamani kuliko ripoti nyingi nilizosoma.

Pumu ya kazini inayoletwa na isosayaneti ina tabia hii ya kuchelewa. Mtu anavuta mvuke asubuhi, kifua kinamfunga baada ya saa nne, nane au hata kumi na mbili, akiwa tayari nyumbani. Ndiyo maana mgonjwa anaituhumu shuka, vumbi la chumba, chakula cha usiku, au wachawi, na kazi haiingii akilini.

Kipimo cha kwanza kilisema sifuri

Afisa usalama wa kiwanda, kijana makini, hakuipuuza barua. Alimwita mtu mwenye kifaa cha mkononi cha kupima mvuke wa kemikali, kile chenye taa ya miale ya urujuanimno. Mtu akazunguka kiwanda chote asubuhi moja, akasimama karibu na sanduku, akaingia stoo. Kioo kiliandika 0.0 karibu kila mahali, kikapanda kidogo wakati wa kukoroga. Ripoti ikaandika kwamba TDI haikuonekana na hewa ni salama.

Ripoti hiyo ilibandikwa ubaoni. Meneja uzalishaji alimwambia S. mbele ya wenzake, "Mzee, mashine imesema sifuri. Labda una mambo yako."

Sasa angalia. Kifaa kile hatua yake ndogo kabisa ilikuwa 0.1 kwa milioni, yaani ppb 100. Kikomo cha dakika 15 ni ppb 5. TDI ingeweza kuwa mara kumi juu ya kikomo na kioo kingebaki kikiandika 0.0 bila kudanganya. Ni sawa na kupima uzito wa nywele kwa mizani ya magunia ya mahindi. Tena, kile kidogo kilichopanda wakati wa kukoroga pengine kilikuwa amini, kwa sababu kifaa cha namna hii hakitofautishi kemikali moja na nyingine. Na methilini kloraidi, ambayo nayo ina madhara yake, taa ya kawaida ya kifaa hicho haina nguvu ya kuiona kabisa. Kwa hiyo sifuri ile haikuwa na habari yoyote ndani yake, lakini ilikuwa na muhuri na sahihi.

Mimi niliitwa kuipima hewa upya miezi miwili baadaye, S. alipozidiwa usiku na kulazwa.

Tulivyopanga upya, na kwa nini

Siku ya kwanza sikufungua sanduku la vifaa. Nilikaa stoo juu ya bloku iliyopoa na kutazama kazi kuanzia saa moja na nusu asubuhi.

Nyuma ya mkorogaji kulikuwa na feni kubwa ya kusimama. Iliwekwa kwa nia njema, impe hewa kwa sababu joto ni kali. Ilikuwa inapuliza kutoka mgongoni mwake, juu ya sanduku linaloumuka, moja kwa moja kwenye mlango wa stoo. Nilitaka kuona hewa inakwenda wapi hasa. Kibarua mmoja akapendekeza tuwashe udi. Wazo zuri, mahali pabaya: moto na stoo ya sponji havikai nyumba moja. Tukanunua kopo la poda ya watoto dukani, tukalibana karibu na sanduku likiwa tupu. Wingu jeupe lilielea, likashikwa na feni, likaingia stoo kama mgeni aliyealikwa.

Kisha niliuliza watu. Sikuuliza kama kuna hatari, kwa maana jibu la swali hilo kiwandani ni "hakuna shida, bosi". Niliuliza ni saa ngapi macho yanawasha. Wote walijibu wakati uleule: bloku ikimaliza kuumuka inakoroma, inatoa pumzi juu, na pumzi hiyo ndiyo inayochoma. Mkorogaji alinionyesha pia maziwa, nusu lita kila mtu kila siku, ya kusafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, ila yanakwenda tumboni, mapafuni hayafiki. Barakoa walizopewa zilikuwa za kitambaa, na kitambaa hakizuii mvuke hata kidogo.

Nilifanya maamuzi manne kabla ya kupima.

Kwanza, sampuli zifuate mtu, sio chumba. Pampu ndogo inafungwa kiunoni, mrija unapanda hadi kwenye kola, kichujio kinakaa karibu na pua.

Pili, tupime vilele na wastani, kila kimoja peke yake. Uhamasishaji wa mapafu, yaani hali ya mwili kuanza kuiona TDI kama adui, unahusishwa sana na milipuko mifupi ya mvuke. Wastani wa siku unaweza kuzimeza dakika kumi za hatari ndani ya saa saba za utulivu.

Tatu, kichujio kiwe kimepakwa kemikali ya kuikamata TDI. Hapa wengi huanguka. Makaa yanayotumika kunasa petroli au tina hayafai, kwa sababu TDI inamenyuka na unyevu na kugeuka kitu kingine kabla maabara haijaifikia. Kichujio cha nyuzi za kioo hupakwa piperazini ya aina maalumu. TDI ikigusa inafungwa papo hapo na kuwa kitu tulivu kinachoweza kusafiri. Kwa hewa ya lita moja kwa dakika, dakika 15 zinakupa lita 15. Katika kikomo cha ppb 5, TDI yote utakayokuwa umekusanya ni karibu nusu ya maikrogramu. Kwa hiyo mkono mchafu, kifuniko kilicholegea au pampu isiyopimwa kasi kabla na baada vinaweza kuharibu kazi yote.

Nne lilikuwa la kulazimishwa. Njia bora kwa mvuke wenye matone ni kukitumbukiza kichujio kwenye chupa ya kimiminika chenye kemikali ileile, palepale, ili tone la TDI lililochanganyika na polioli lisiendelee kugeuka sponji juu ya kichujio. Maabara iliyoweza kazi hii ilikuwa nje ya nchi, na msafirishaji alikataa kupandisha ndege chupa za kimiminika kinachowaka. Tukatumia vichujio vikavu vilivyopakwa, tukaandika katika ripoti kwamba matokeo yetu ni ya chini kuliko ukweli, kama yana kosa.

Siku ya kupima

Siku hiyo walimimina bloku sita kati ya saa mbili na saa sita. Mkorogaji alivaa pampu mbili, moja ya dakika 15 kwa kila kumimina tulikochagua, nyingine ya siku nzima ikibadilishwa kichujio kila saa mbili. Aliyeshika nafasi ya S. stoo alivaa vilevile. Tuliweka kichujio kimoja ukutani ofisini na kimoja kwenye mashine ya kukatia. Vichujio viwili vilifunguliwa na kufungwa bila kuvutwa hewa, vikasafiri na vingine, ili tujue kama uchafu umeingia njiani.

Kosa letu la siku hiyo: pampu moja ya stoo ilisimama bila mtu kugundua. Mrija ulikuwa umebanwa na bloku alipokuwa anasukuma kwa bega. Sampuli ile tuliitupa. Alasiri tulimpa mfanyakazi mrija unaopita mgongoni, na ningefanya hivyo tangu asubuhi kama ningemwangalia vizuri jinsi anavyosukuma.

Baada ya kumimina bloku ya mwisho tuligeuza feni. Hatukusubiri maabara. Kulikuwa na mjadala, kwa kuwa meneja alitaka matokeo kwanza, lakini wingu la poda lilitosha.

Matokeo

Yalirudi baada ya wiki saba. Vile vichujio viwili visivyovutwa hewa vilikuwa safi.

Mkorogaji, dakika 15 zinazobeba kumimina na kuumuka: ppb 31, 22 na 44. Wastani wake wa siku: 7. Mtu wa stoo, wakati wa kupokea bloku ya moto: 12 na 9. Wastani wake wa siku: 6. Ofisini 2. Kwenye mashine ya kukatia, ambako bloku zimelala usiku kucha, haikuonekana TDI kwa kipimo kinachoweza kuiona.

Tazama wastani wa watu wawili wa kwanza. Mkorogaji anapigwa na vilele vikali kisha anapumzika. Mtu wa stoo hana vilele vya namna hiyo, lakini feni inamletea mabaki ya kila kumimina na bloku zenyewe zinaendelea kutoa pumzi zikiwa zimemzunguka. Wakafika karibu sawa. Kiwanda kizima kilikuwa kimeamini kwamba hatari inakaa kwenye pipa, na glovu zote zilikuwa huko.

Meneja alikuja na karatasi ya usalama iliyotoka kwa muuzaji wa kemikali. Imeandika kikomo 0.02 kwa milioni, yaani ppb 20. "Saba ni ndogo kuliko ishirini," alisema, na hesabu yake haina kosa. Lakini ile 20, ambayo ni kikomo cha kisheria cha Marekani, ni dari isiyopaswa kuguswa hata dakika moja. Yeye alikuwa analinganisha dari na wastani wa siku. Ukilinganisha dari na vilele, 31, 22 na 44 vyote vimetoboa.

Maamuzi yaliyofuata

Kuhusu S., daktari wa magonjwa ya kifua alimpa kifaa cha kupuliza cha kupima nguvu ya pumzi, apulize mara nne kwa siku kwa wiki nne, zikiwemo siku za mapumziko, na aandike. Daftari lile lilieleza wazi kuliko mtu yeyote: namba zinashuka kuanzia Jumanne, zinagonga chini Ijumaa, zinapanda Jumapili jioni. Akathibitishwa ana pumu ya kazini.

Kiwanda kilimhamishia ofisini awe mtunza kumbukumbu. Kila mtu aliridhika. Siku ya nane akazidiwa tena. Ofisi iko ukuta kwa ukuta na stoo, na ile ppb 2 ambayo tulikuwa tumeipita haraka kwenye jedwali ilikuwa inamtosha. Mwili ukishahamasika, kikomo cha watu wazima wenye afya hakina maana tena kwake. Ndipo akahamishiwa banda la kushonea foronya na vifuniko vya magodoro, jengo la peke yake upande wa pili wa ua.

Kuhusu hewa, tulianza na chanzo. Kubadilisha TDI kwa isosayaneti nyingine isiyo nyepesi kuvukiza kulijadiliwa na kukataliwa na mwenye kiwanda: fomula, ulaini wa godoro na bei vyote vingebadilika. Likafuata la pili. Fundi bati alijenga kibanda juu ya sanduku, chenye mapazia ya plastiki mbele na feni ya kunyonya juu. Bomba mara ya kwanza lilielekezwa kwenye uchochoro wa nyuma kwa sababu ni karibu. Kuna madirisha ya nyumba za watu pale. Likapandishwa juu ya paa. Bloku sasa inakaa ndani ya kibanda hadi imalize kukoroma ndipo itolewe. TDI inavutwa kwa pampu ya pipa na bomba, badala ya kuinamishwa na kukingwa kwa ndoo.

Kwa kumwagika, waliwekewa ndoo ya mchanga na maji yenye sodiamu kaboneti asilimia 5 hadi 10 pamoja na sabuni kidogo ya maji. Kemikali hiyo ni jamaa wa magadi, kwa hiyo haikumtisha mtu. Kilichohitaji kurudiwa mara nyingi ni sharti lake: taka ile isifungwe kwenye chombo kilichobana kwa siku mbili au tatu, kwani bado inatoa gesi, na pipa lililofungwa linaweza kupasuka. Kwa hiyo pipa tupu la TDI halioshwi kwa maji na kufungwa kifuniko. Hilo lilikuwa linafanyika kila wiki. Mapipa yalikuwa yanauzwa mtaani kwa watu wa kuhifadhi maji. Likakomeshwa siku hiyo.

Mkorogaji alipewa kinyago cha kuletewa hewa safi kwa mpira. Vinyago vya kichujio tuliviacha kwa kazi fupi, vikiwa na ratiba ya kubadilishwa, maana kichujio kikijaa mvaaji hana harufu ya kumwonya mapema.

Yaliyotokea baadaye

Wiki sita baada ya kibanda, mkorogaji alipata ppb 4, 3 na 6 kwa dakika 15. Mtu wa stoo wastani wa siku ulikuwa 1. Ile 6 ilitoka kwenye bloku iliyotolewa mapema kwa sababu oda ilikuwa inasubiriwa getini.

Baada ya miezi mitatu nilirudi bila kutangaza sana. Ppb 12 na 15. Mkanda wa feni ulikuwa unateleza na wavu umezibwa na vumbi la sponji; feni inanguruma vilevile, hewa haisogei. Tulifunga mkanda mpya, kisha mkorogaji mwenyewe akafunga kipande cha kitenge kwenye mdomo wa kibanda. Kitenge kikivutwa ndani, anamimina. Kikining'inia, hamimini, hata meneja akiwa amesimama pale.

S. anapumua vizuri kuliko zamani, lakini akipanda ngazi au akipita karibu na rangi mbichi anahitaji dawa ya kuvuta. Madai yake yalipelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi yakiwa na daftari la pumzi, barua ya muuguzi na matokeo ya hewa. Mshahara wake ulipungua, kwani posho ya kemikali haiko banda la kushonea.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni swali la muuguzi kuhusu Jumapili. Kama zahanati ya kwanza ingeuliza, S. angekuwa ametoka stoo miezi mitano mapema, na katika pumu ya isosayaneti muda huo ni mkubwa: anayeondolewa mapema baada ya dalili kuanza ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi ya kupona kabisa. Daftari la kupuliza ni la pili. Ni kifaa cha bei ndogo, hakihitaji umeme, na lilimnyamazisha kila aliyesema ana mambo yake.

Kuhusu sifuri, sitamlaumu sana aliyeshika kifaa. Alipima alichojua kupima. Lakini ripoti yoyote ya hewa inapaswa kuandika kando ya kila namba: kiwango cha chini kabisa ambacho kifaa hiki kinaweza kuona. Kama ripoti ile ingeandika "haikuonekana, chini ya ppb 100", afisa usalama angechukua karatasi ya kikomo na kugundua mwenyewe ndani ya dakika moja. Sasa hivi ninapopokea ripoti isiyo na mstari huo ninairudisha.

Sampuli za vilele zilitufaa kuliko za siku nzima kwa mkorogaji. Kwa stoo ilikuwa kinyume. Tungechagua aina moja tu ili kuokoa fedha, nusu ya picha ingepotea, na pengine nusu yenye mgonjwa.

Kosa langu kubwa ni ile ppb 2 ya ofisini. Niliiweka kwenye jedwali kama mandhari. Nilijua nadharia yote ya mtu aliyehamasika, nimewahi hata kuifundisha, na bado nilisaini barua ya kumhamishia mtu aliyehamasika kwenye chumba ambacho karatasi yangu mwenyewe ilisema kina TDI. Jedwali lilipangwa kwa vikomo vya watu wazima wenye afya, nami nikalisoma hivyo hivyo.

Kibanda kilikuwa sahihi lakini tulikikabidhi bila ratiba ya matengenezo. Kitenge kilitatua kwa sababu mkorogaji anakiona kabla ya kila kumimina. Ukaguzi wa mwezi ulioandikwa kwenye faili haukufanyika hata mara moja.

Ambalo hatukulifikia ni vibarua. Tulipowahoji kwa faragha, wawili walikubali wanakohoa usiku. Watatu walikataa, kisha mmoja wao alinifuata hadi kituo cha daladala akaniambia anakohoa, ila nisiandike, kwa sababu kibarua mgonjwa haitwi kesho. Tulijaribu kuwatafuta waliowahi kushika nafasi ya S. kabla yake. Daftari la malipo lilikuwa na majina ya kwanza tu na alama za kidole gumba, watu tisa katika miaka miwili.